Kidonge cha Njano Nilichokifungia Kabatini

Ukipangiwa zahanati ya kijijini, kitu cha kwanza utakachokabidhiwa si wagonjwa. Ni ufunguo wa kabati la dawa. Mimi nilikabidhiwa wangu nikiwa msichana mwembamba asiyejua hata kuwasha jiko la mchina, nikautia uzi, nikauvaa shingoni. Nilipostaafu, uzi ulikuwa umeniachia mstari mweusi ambao wajukuu zangu hapa Ngokolo huuliza kama bibi aliwahi kufungwa kamba. Huwajibu kwamba ndiyo, serikali ilinifunga.

Ninawaandikia ninyi manesi wapya, na mabinti wengine mtakaopenda kusikiliza, habari ya kabati hilo na kitu kimoja kilichokuwemo ndani yake. Wazee tukistaafu hupenda kusimulia ushindi wetu. Ninao kidogo, mtausikia. Lakini ninachotaka mkibebe ni kosa, maana hilo limeninyima usingizi kwa miaka, na wewe unaweza kulirudia kesho bila kujua.

Watu waliniita Nesi Skola. Mimi ni Msumbwa wa Ushirombo, nimelelewa katika sala na mashamba, lakini sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya Ushetu, kwenye kijiji kilichozungukwa na tumbaku. Kliniki ya wajawazito ilikuwa Jumanne na Alhamisi. Tulikuwa wawili tu, mimi na Mama Shija, mkunga wa zamani aliyebakiza miaka michache ya kustaafu na meno machache zaidi.

Mama Shija ndiye aliyenifundisha kazi ambayo chuo hakikunifundisha. Tulikuwa tunawapa wajawazito vidonge vyekundu vya kuongeza damu, ambavyo ndani yake mna madini ya chuma na foliki asidi kidogo. Mimi nilikuwa nawauliza, "Unameza dawa?" Wote walijibu wanameza. Mama Shija hakuwahi kuuliza hivyo. Yeye aliinama akauliza kwa sauti ya chini, kama anaulizia habari ya ukoo, "Choo chako kina rangi gani, mwanangu?" Aliyejibu cheusi alipongezwa, kwa sababu yale madini hukibadilisha. Aliyejibu cha kawaida alitazamwa mpaka akakiri.

Siku moja alinipeleka nyumbani kwa mama mmoja aliyekiri. Mama yule alitutolea kopo la majani ya chai lililojaa vidonge vyetu vyekundu, vya mimba mbili, vyote vikiwa vizima. Hakuwa mkaidi. Alisema dawa nzuri namna hiyo haitumiki ovyo mtu akiwa mzima, inawekwa akiba ya siku ya kuumwa. Nilitaka kumgombeza, Mama Shija akanikanyaga mguu. Alimsifu kwanza kwa kutunza, halafu akamweleza taratibu kwamba mtoto aliye tumboni hana akiba nyingine. Tulirudi tukicheka njia nzima, lakini yule mama alianza kumeza.

Mimi sikuwa na ulimi wa Mama Shija. Nilikuwa mkali, na ukali wangu niliuona kuwa ni uchapakazi. Mnajua mila ya kule kwetu: mimba haitangazwi. Mwanamke huificha mpaka tumbo lijitangaze lenyewe, maana mimba changa ikisemwa inaonewa kijicho, na ikionewa kijicho haikai. Hata mume anaweza kuambiwa kwa mafumbo. Kwa hiyo wengi walikuja kliniki wakiwa na miezi mitano, sita, wamejitanda khanga mbili. Mimi nilikuwa nasimama mbele ya benchi nikiwasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye mti walipofungwa punda. "Umechelewa. Na wewe umechelewa. Mnataka niwafuate vitandani?" Neno hilo, umechelewa, nililisema mara nyingi kuliko jina la Mungu.

Mama Shija alikuwa na njia yake. Siku za mnada alikaa karibu na wauza udongo wa kula, ule tunaouita pemba, akitazama tu nani ananunua. Halafu wiki hiyo hiyo unamkuta amepita nyumbani kwa yule dada kuomba maji ya kunywa. Alipostaafu akaniachia benchi lote peke yangu, na aliniambia nipunguze kelele. Sikupunguza.

Sasa niwaambie habari ya Minza.

Minza alikuwa mke wa Maduhu, mchimbaji mdogo ambaye kazi yake ilikuwa upande wa Geita, anakwenda miezi mingi na kurudi duara likitema, yaani shimo lao likitoa dhahabu. Lisipotema harudi. Minza aliishi na mama mkwe, akilima mahindi na kusaidia kutunga majani ya tumbaku ya jirani. Mtoto wake wa kwanza, Holo, nilimzalisha mimi mwenyewe, msichana mzima mwenye mapafu ya kumshinda jogoo. Tangu siku ile nikamwita Mama Holo, naye alinipenda, sijui kwa nini. Alikuwa mtu wa maneno machache, na ukimwagiza jambo analifanya hivyo hivyo ulivyosema, bila kuongeza wala kupunguza. Kumbukeni hilo.

Mimba ya pili aliileta ikiwa na miezi sita. Nilimsema pamoja na wenzake. Nilimpa vidonge vyekundu, akameza, najua alimeza maana nilimuuliza swali la Mama Shija. Akajifungua mtoto wa kike ambaye chini ya mgongo palikuwa wazi, nyama laini nyekundu ya ukubwa wa kiganja cha mtoto mdogo, na miguu haikucheza. Tunauita mgongo wazi. Uti wa mgongo unakuwa haukufunga tangu mwanzo wa mimba. Tulimpeleka hospitali ya wilaya, wakampeleka Mwanza, wakamshona. Kichwa kikaanza kujaa maji. Alipewa jina la Limi, akaishi miezi minane. Minza alimbeba mbele, si mgongoni, ili kichwa kisiteteme.

Baada ya maziko alikuja kuniuliza nini kilitokea. Watu nyumbani walikuwa tayari na jibu lao: wengine walisema mizimu, wengine walisema amevunja mwiko. Mimi nilitaka kumtoa kwenye maneno hayo. Nilimwambia, na ninakumbuka nilivyokuwa nimeweka mkono juu ya goti lake, "Mama Holo, si uchawi wala si wewe. Ila safari hii ulichelewa kliniki. Ukipata mimba nyingine usingoje tumbo. Ukikosa hedhi tu, njoo mapema, nitakupa dawa mapema, na Mungu atasaidia."

Alisema, "Nimesikia, Nesi." Tukakubaliana apumzike kwanza, nikamchoma sindano ya uzazi wa mpango, ile ya miezi mitatu. Akawa anaifuata bila kukosa.

Baada ya muda Minza alikuja zahanati na debe la mahindi kichwani. Hakulitua kwenye foleni. Aliingia nalo mpaka ndani, akaliweka nyuma ya mlango, akasema ana miezi miwili. Kwa mama mkwe alikuwa ameaga kwamba anakwenda mashineni kusaga. Hakuna mtu aliyejua, hata Maduhu hakujua, nilijua mimi kabla ya mwenye mtoto. Wanangu, nilimshika mikono yote miwili. Katika kazi yangu yote pale hakuna aliyewahi kuja na mimba changa kiasi hicho. Nilimpa vidonge, nikamsifu, na Alhamisi iliyofuata nikasimama mbele ya benchi nikawaambia wenzake, bila kutaja jina, kwamba kuna mwanamke mmoja hapa ndiye mwenye akili. Kijiji ni kidogo. Walijua ni nani kabla sijamaliza.

Kila mwezi alikuja na lile debe. Alimeza kila kidonge. Hakunywa dawa za kienyeji, hakubeba mizigo ya tumbaku, alifanya kila nilichomwagiza.

Akajifungua mtoto wa kiume. Nilimpokea mimi, nikamgeuza kumkausha, mkono wangu ukagusa pale mgongoni kabla macho hayajaona. Pale palikuwa wazi, juu zaidi kuliko kwa dada yake na pana zaidi. Nilibaki nimemshika. Minza aliniangalia usoni, akageuka ukutani. Hakuuliza kama ni mvulana au msichana.

Aliishi siku tatu. Hakupewa hata jina.

Siku ya nne nilikwenda msibani. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka. Mama mkwe alikuwa mtu mzima, si mbaya, alikuwa ameshika kichwa kwa uchungu wake mwenyewe. Aliponiona alisema kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuipenda, ili nisije nikasema sikuelewa, "Mimba haijashika, mmekwisha itangaza. Mimi nilimwambia afiche. Wewe ukamwambia aje." Hakuna aliyempinga. Hata Minza hakuinua uso, na mimi niliyekuwa na mdomo wa kusikika mpaka kwa punda nikavuta khanga kichwani, nikarudi zahanati.

Baada ya hapo mimba za kijiji kile zilirudi kuja na miezi sita, saba. Nani angekuja mapema, wakati aliyekuja mapema wamemwona? Maduhu akarudi, akamchukua Minza na Holo wakahamia machimboni. Sikuagwa. Nilisema moyoni, bahati mbaya, ni kazi ya Mungu, nikaendelea. Lakini tangu siku ile nilishindwa kulisema neno umechelewa kwa sauti.

Ilipita miaka mingi. Nikiwa nimebakiza miwili ya kustaafu, tukaitwa semina Kahama. Semina mnazijua, nusu ya watu wanangoja chai. Daktari aliyetufundisha alikuwa kijana mpole, angeweza kuwa mwanangu wa tatu. Alichora ubaoni mtoto mdogo kama punje ya kunde, akatuonyesha kwamba mgongo unaanza ukiwa wazi kama mfereji, halafu kingo mbili zinakunjwa na kukutana, kama unavyokunja kingo za jamvi ukazishona. Akasema kushona huko kunahitaji foliki asidi, na kunamalizika ndani ya wiki nne tangu mimba itungwe. Wiki nne. Mwanamke amekosa hedhi kama wiki mbili tu, wengine hata hawajagundua, na mgongo umeshafunga au umeshashindwa kufunga.

Nilinyoosha mkono. Nilimuuliza, mama aliyekuja na miezi miwili, tukampa dawa siku hiyo hiyo, yeye je?

"Kwa damu yake na kwa kukua kwa mtoto inamsaidia, na aendelee nayo," alisema. "Kwa mgongo, mama yangu, huyo amechelewa."

Alilisema kwa upole, si kama nilivyokuwa nikilisema mimi. Akaendelea. Akasema kila mwanamke anayetaka kuzaa aanze foliki asidi kabla, angalau miezi miwili au mitatu kabla. Na aliyewahi kuzaa mtoto wa mgongo wazi, huyo ile ndogo iliyomo kwenye kidonge chekundu haimtoshi, anahitaji ya nguvu zaidi kwa maelekezo ya daktari. Akatoa mfukoni kipakiti akatuonyesha. "Hiki cha njano, cha miligramu tano. Mnacho kwenye vituo vyenu?"

Ukumbi mzima ulijibu kwa pamoja kwamba tunacho. Cha watoto wa seli mundu.

Huku kwetu seli mundu ni nyingi, na watoto wale hupewa foliki asidi kila siku ili damu yao itengenezeke. Vidonge vile vidogo vya njano vilikuwa rafu ya pili ya kabati langu, kwenye kopo ambalo niliandika kwa mkono wangu, SELI MUNDU TU. Nilivilinda kama polisi. Nilihesabu kuwa mtu mwingine akipewa ni wizi wa dawa za watoto.

Pale pale ukumbini, chai ikiwa imeletwa, nilikumbuka siku moja ambayo sikuwahi kuikumbuka. Ilikuwa kati ya Limi na yule wa kiume. Minza alikuja siku ya sindano, lakini hakukunja mkono wa gauni. Alikaa kwenye kiti akasema, "Nesi, leo sichomi. Maduhu amesema tujaribu tena." Nikafurahi. Nikatoa kadi yake, nikaandika kwamba ameacha, nikamwambia neno lile lile, ukikosa hedhi uje. Aliinuka, akasimama mlangoni kidogo, akauliza kama kuna kitu cha kufanya wakati anangoja. Nikamwambia hakuna, ni kumwomba Mungu tu.

Kabati lilikuwa nyuma ya kiti changu. Ufunguo ulikuwa shingoni.

Na ile sindano, mnajua, huchelewesha uzazi kidogo. Minza alikaa miezi kumi kabla hajashika mimba. Miezi kumi alikuwa akipita mbele ya zahanati yangu kwenda mashineni, mtu ambaye angemeza kila siku, bila kukosa, kama ningemwambia. Sikunywa chai ile. Nilitoka nje nikalia nyuma ya ukumbi, mtu mzima na nywele nyeupe, mpishi akanipa maji akidhani nimefiwa.

Nisikilizeni vizuri hapa. Siwezi kuapa kwamba kidonge kile kingemwokoa yule mtoto. Wapo wanaomeza na bado inatokea, dawa hupunguza hatari, haiifuti. Lakini nafasi yake ilikuwepo, na niliifungia kwa kufuli kwa sababu nilijua dawa ni ya nani na sikujua ni ya nani mwingine. Nilikuwa namhesabia mama kuanzia siku anapofika kwenye benchi langu. Mtoto alikuwa ameanza kuhesabu kabla.

Kwa hiyo mwanamke akija kwako akisema anataka kuacha sindano, au kutoa kijiti, au kitanzi, usimwandikie kadi ukamuaga. Hiyo ndiyo kliniki yake ya kwanza ya mimba, hata kama tumbo ni tupu. Muulize kama amewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi au kichwa kisichofunga, kama anatumia dawa za kifafa, kama kuna tatizo hilo kwenye ukoo. Ukiona lolote kati ya hayo, mpeleke kwa daktari apangiwe kipimo chake cha dawa, maana kidonge cha nguvu hakigawiwi kama karanga, na kinaweza kugongana na dawa za malaria tunazowapa wajawazito. Asiye na historia atameza kile kidogo cha kila siku. Na umwulize anapikaje mboga. Sisi tunapenda nsansa, majani ya kunde tuliyochemsha, tukayaanika, kisha tukayachemsha tena mpaka yasahau yalitoka shambani. Ni matamu, mimi mwenyewe siachi, lakini foliki asidi iliyokuwemo imekwisha kuondoka na moto na jua. Ale pia majani mabichi, yaliyopikwa kidogo tu, na maharage, na maini akiyapata.

Niliomba likizo, nikaenda kumtafuta Minza.

Ndugu wa Maduhu alinielekeza machimbo yaliyo mbele ya Ushirombo, ukiingia upande wa Geita. Nilimkuta kwenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe, zinanguruma kutwa na vumbi jeupe limekaa juu ya kila kitu, hata juu ya kope. Alikuwa anapika chakula cha wachimbaji chini ya turubai. Alikuwa amenenepa kidogo na kuzeeka zaidi ya umri wake. Msichana mrefu alikuwa anaosha sahani pembeni, nikajua ni Holo kwa paji lake la uso.

"Shikamoo, Nesi," alisema Minza, kana kwamba tuliachana jana.

"Marahaba, Mama Holo."

Alinipa kigoda, akanipa maji, akanipa habari. Holo alikuwa ameposwa, ndoa ilingoja mavuno. Maduhu kifua kilikuwa kinamsumbua kwa vumbi. Yeye mwenyewe, baada ya yule wa kiume, alifunga uzazi. Alikata shauri siku moja, bila kumwuliza mtu, na hajajuta, alisema, ila siku za mvua.

Nilikuwa nimejiandalia hotuba ndani ya basi. Yote ikanipotea.

"Mama Holo, nimekuja kukuomba msamaha. Siku ulipokuja kuacha sindano ukaniuliza kama kuna cha kufanya, nilikuambia hakuna. Kilikuwepo. Kulikuwa na dawa ya kumsaidia mtoto kufunga mgongo, ilitakiwa uanze siku ile. Sikujua."

Aliendelea kusonga ugali. Wachimbaji wawili walikuwa wanangoja, wakasoma nyuso zetu wakaenda kukaa mbali.

"Ilikuwa wapi?"

"Kabatini."

"Lile la nyuma ya kiti chako."

"Lile lile."

Aliipua sufuria. Alikaa chini, si kwenye kigoda, chini kabisa, kwenye lile vumbi jeupe. Nilidhani atanifukuza, na ningeondoka. Alipoongea hakuwa ananitazama.

"Kwa hiyo si kule kuja kwangu mapema."

Sikumwelewa kwanza. Akarudia. "Miaka yote hii nimejua ni mimi. Mama mkwe alisema niifiche, mimi nikaja kwako na debe. Nilijua nilimuua kwa kuja. Kila nikiona debe."

"Si kule kuja kwako," nilisema. "Hata siku moja. Ulifanya nilivyokuambia. Kosa lilikuwa kwangu."

Akalia basi, taratibu, kama mtu asiyetaka wateja wasikie, nami nikalia naye. Sikuwa nimejua kwamba alibeba hilo. Nilikwenda kule kutua mzigo wangu, kumbe yeye alikuwa na mkubwa zaidi, na niliyemtwisha ni mimi. Kama ningefika mwaka mmoja mapema, angeubeba mwaka mmoja pungufu. Hilo nalo linaniuma.

Tulipotulia aliniuliza kama anaweza kuiona hiyo dawa. Nilikuwa na pakiti niliyoinunua Kahama, niliichukua ili nimweleze, sikujua ingefaa nini. Nikabinya kidonge kimoja kikaangukia kiganjani mwake, kati ya unga na masizi. Ni kidogo, mnakifahamu, hakifiki punje ya mahindi. Alikigeuza kwa kidole.

"Ni haka tu, Nesi?"

"Ni haka tu, mama."

Akamwita Holo. Msichana alikuja akifuta mikono kwenye gauni, akanipigia goti. Minza alimwambia, "Huyu ndiye aliyekutoa. Kaa umsikilize, na usiseme mimba bado. Anazungumza habari ya kabla." Nikamweleza Holo yote, polepole, bila kupaza sauti, nikamwambia habari za ndugu zake wawili ambazo hakuwahi kuambiwa sawasawa, na kwa nini yeye hasa asingoje. Nikaandika barua kwa muuguzi wa kituo cha pale ili aonwe na daktari kabla ya ndoa, apangiwe kipimo chake. Alisikiliza kama mama yake. Mwisho alisema, "Nimesikia, Nesi," maneno yale yale ya mama yake.

Nilipoinuka kuondoka, nilinyoosha mkono kuichukua ile pakiti. Minza alinirudishia yote isipokuwa kile kimoja. Nilimwona anakifunga kwenye ncha ya khanga yake, mafundo mawili, akakaza kwa meno. Nikamwambia, Mama Holo, hicho wewe hakikusaidii tena. Akasema anajua, akanisindikiza mpaka barabarani.